Ombi la Kumrudisha Kwenu Waziri Aliyezaliwa Nyumbani Kwangu

Isaiah Kipkemboi
(jina la ukoo limeachwa kwa uhaba wa nafasi),
Mkulima wa chai na katibu mstaafu wa josho la ng'ombe,
kwa S.L.P. ya kanisa, Sosiot, Kericho.

20 Agosti 1996

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Jamhuri ya Korea,
Nairobi.

KUPITIA KWA: Naibu wa Chifu (amekataa kugonga muhuri, anasema Korea haiko katika eneo lake).

Mheshimiwa Balozi,

KUH: MAREHEMU WAZIRI WENU KUINGIA KATIKA UKOO WANGU BILA KIBALI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mama watoto na maafisa wote wa ubalozi hadi askari wa lango. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza.

Kwanza ieleweke kwamba mimi si adui wa Korea. Mwaka wa 1988 vijana wetu walipokuja kwenu wakarudi na dhahabu, nilikuwa na ndama aliyezaliwa wiki ileile, na ni mimi niliyempa jina la Seoul. Bado yuko. Anatoa maziwa mengi na hapigi teke. Hata majuzi kule Atlanta, mkimbiaji wenu alipomtangulia wetu kwa hatua chache tu kwenye marathoni, nilizima redio bila kutamka neno lolote baya, na mke wangu Sally ni shahidi. Kwa hiyo ninayoyaandika nayaandika kama rafiki, ila rafiki aliyekanyagwa.

Huenda kwenu desturi hii haipo, basi nitaieleza kabla ya kulalamika. Kwetu sisi Wakipsigis mtoto hazaliwi akiwa mtu mpya kabisa. Mmoja wa wazee wa upande wa baba waliokwisha kufariki hurudi ndani yake. Ili kujua ni nani aliyerudi, akina mama wazee humpakata mtoto, wakamwekea ugoro kidogo karibu na pua, halafu wakataja majina ya marehemu moja baada ya jingine. Jina litakalompigisha chafya ndilo lake. Twaliita jina la kurenet. Baadaye kanisa humbatiza jina la Biblia na kila upande ukaridhika. Lakini chafya ikishatoka imetoka. Chafya haina rufaa.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mwezi wa Machi, Winny, mke wa mwanangu Mathew, alijifungua mvulana. Akina mama wakakusanyika nyumbani. Aliyeongoza ni senge Jerusa, yaani dada ya marehemu baba yangu, ambaye ni mzee kuliko mtu yeyote wa pande hizi aliyebaki na meno. Mwanamume haruhusiwi kuingia, kwa hiyo mimi nilikuwa nje nikitengeneza ua ambao haukuwa umeharibika, karibu sana na dirisha.

Wakataja. Wakamtaja mzee wetu aliyemuua chui kwa kigoda. Kimya. Wakamtaja yule aliyejua dawa za mifugo. Kimya. Wakamtaja hata yule aliyekuwa bahili, ambaye kwa kawaida hutajwa mwisho kabisa, na mtoto akawa anawatazama tu kama karani aliyemaliza kazi. Wakarudia orodha yote tangu mwanzo. (Lipo jina moja ambalo senge aliliruka, na wengine wote wakamsaidia kuliruka, lakini hilo halihusiani na barua hii.)

Sasa, miongoni mwa wageni alikuwemo jirani yetu Syprose, mwenyeji wa kule ziwani anayefanya kazi katika kiwanda cha chai, mama mwenye moyo mzuri aliyetuletea omena, vile visamaki vya kwao. Jumapili iliyotangulia Syprose alikuwa kanisani, kama sisi sote, wakati Mchungaji Cho, mmishonari kutoka nchi yenu, alipohubiri juu ya Yuda Iskariote. Mchungaji alisema kila taifa lina Yuda wake, na kwamba wenu alikuwa waziri aitwaye Yi Wan-yong, ambaye alitia sahihi mkataba wa kuwapa Wajapani nchi nzima, akalipwa cheo na mali, na hadi leo jina lake kwenu ni tusi. Maikrofoni ilikuwa mbovu, basi mkalimani akalazimika kulirudia jina hilo mara nyingi, na likatukaa masikioni.

Syprose alipoona jua linateremka na hakuna chafya, akasema kwa mzaha: "Si muite basi ule waziri wa pastor, Yi Wan-yong! Hii mtoto inachoka, na mimi nimeacha sufuria kwa moto!" Akina mama wakacheka. Senge Jerusa peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa akanong'ona kitu ndani ya shuka yake, nadhani ni sala ya kufukuza mikosi.

Hapo hapo mtoto akapiga chafya. Nayo haikuwa ndogo, Mheshimiwa. Ugoro uliruka ukaingia kwenye chai ya Sally.

2. Wazee wetu marehemu wana adabu na wanajua mipaka. Wa huku kwetu Belgut hurudi Belgut. Hata yule wa ukoo wetu aliyefia Burma katika vita vya Wazungu alitembea mwenyewe hadi akarudi kwa mjukuu wake Sigowet, na hakusumbua nyumba yoyote njiani. Wa kwenu amevuka bahari, akapita Mombasa, Nairobi na Nakuru bila kuonyesha pasipoti kwa mtu, akaacha Wakenya wote na watoto wao, akashukia kwangu. Nauliza kwa heshima: nani alimwelekeza njia?

3. Tabia. Mwanzoni nilisema labda akifika ugenini atajirekebisha. Hajajirekebisha. Mtoto huyu akishikwa na jamaa yake hununa. Akija mgeni, hasa mwenye faili, hufurahi akampa chochote kilicho karibu. Bwana shamba alikuja kuangalia majani chai, akakabidhiwa miwani ya Sally. Mtu wa sensa ya ng'ombe alipewa kofia yangu, tena alipojaribu kuirudisha mtoto alilia hadi ikabidi aende nayo.

Lakini ushahidi mkubwa ni huu wa Wajapani. Mtoto akilia, habembelezwi na wimbo wala ziwa. Hunyamaza tu pale jirani yetu Gekara anapopita na pikapu yake ya kubeba maziwa, ambayo ni Toyota. Nilitaka kuwa mtu wa haki, nikamwomba Gekara aje na Landrover ya shemeji yake. Mtoto aliitazama Landrover mara moja akaendelea kulia. Tukarudisha Toyota, akatabasamu. Usiku halali bila redio, nayo ni Sanyo. Nilipoazima Philips ya Mathew nikaiweka stesheni ileile, habari zilezile, sauti ileile, alikataa katakata. Sally anasema ni kwa sababu ile Philips inakwaruza. Mimi nasema mtu wa miezi mitano hawezi kujua mambo ya Philips na Sanyo isipokuwa alikuja nayo moyoni.

4. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi uliopita meneja wa shamba kubwa la chai tunalopakana nalo (silitaji, kwa sababu majani yangu yanapitia barabara yake) aliita mkutano kwenye kituo chetu cha kununulia chai. Anataka kuvuta maji kwa bomba kutoka kwenye chemchemi yetu. Alikuja na soda, karatasi na pedi ya wino, ili wasiojua kuandika waweke kidole gumba. Hatukuwa tumefika hata kwenye maswali. Winny alikuwa amesimama karibu na meza, mtoto mkononi, akisubiri soda yake. Mtoto akainama polepole, akachovya mkono wote kwenye wino, akaubandika juu kabisa ya karatasi, mahali pa mwenyekiti. Kisha akamwangalia meneja akacheka. Meneja akapiga makofi, akampa biskuti.

Watu waliinuka kama nyuki. Karatasi ikachanwa, soda zikamwagika, na mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Ile nyumba tena!" Sijui alisema "tena" kwa maana gani. Nilimuuliza Gekara, akaangalia viatu vyake.

Tangu siku hiyo nimeondolewa kwenye kamati ya chemchemi. Hilo naweza kulibeba. Lakini kwetu mtoto mchanga hupitishwa mkono kwa mkono: ukienda kupeleka majani, kila mama aliye kwenye foleni atampakata kidogo, atamtemea baraka, atampa mwenzake. Huyu wetu hapitishwi. Winny anasimama kwenye foleni na mtoto wake mwenyewe mgongoni tangu mwanzo hadi mwisho, na wenzake wanaficha kalamu zao kwa mzaha ambao si mzaha. Juzi amesema atampeleka kwao Bomet akakulie huko mahali asipojulikana. Mheshimiwa Balozi, huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Iliniuma sana, nikaenda kukaa na ng'ombe.

5. Lalamiko la tano nimelifuta kwa sababu Sally amesema ni la uongo.

6. Nilimwita Mchungaji Cho aje amtambue mtu wake. Alikuja, na namshukuru, maana ni mtu mwema anayekula ugali wetu bila kusita. Nilimweleza habari yote kuanzia ugoro hadi wino. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamletea mtoto, nikasema, "Mchungaji, huyu hapa, Waziri Yi," naye akaacha kucheka. Akauliza kama hakuna jina jingine tunaloweza kumpa. Nikamwambia chafya haina rufaa. Akainuka, akaomba udhuru, akaondoka bila kumaliza mursik, yaani maziwa yetu ya kugandisha, na mursik ile ilikuwa ya kibuyu kizuri.

Mlangoni aliniambia jambo ambalo, kama nilimwelewa vizuri, limenikosesha usingizi: kwamba chuki ya watu kwa waziri yule ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata kaburi lake lilifukuliwa na mtu wa kizazi chake mwenyewe. Nilishtuka. Mjukuu kumfukua babu! Sisi hapa hatujawahi kumfukua mtu yeyote. Sisi tuliacha tu kumtaja.

7. Hapa naomba usome polepole. Watu wa hapa, kwa ujinga wao, wameanza kumlinganisha Waziri wenu na mzee mmoja wa zamani aliyekuwa Chifu wakati wa Wazungu wa kwanza. Jina lake sitaliandika kwa kuwa halitajwi, na mimi simjui sana. Nitaeleza tu yale ambayo mtu yeyote anaweza kuyasikia njiani.

Inasemekana Mzungu mmoja alimletea Chifu huyo baiskeli. Ilikuwa ya kwanza kuonekana Belgut. Akaambiwa aweke kidole gumba kwenye karatasi, naye akaamini kuwa ndiyo stakabadhi ya baiskeli. Wiki iliyofuata watu wa mlima mzima wakaambiwa wafunge virago na kuhama na ng'ombe wao, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimegusa baiskeli na mlima pamoja. Chai iliyopandwa pale ipo hadi leo, kijani, imekatwa sawasawa kama nywele za askari, na sisi twaiangalia kutoka upande huu wa mto.

Chifu mwenyewe hakujua kuendesha baiskeli. Alikuwa na mtu wa kuisukuma, naye akitembea kando yake na koti. Mvua ikinyesha alilivua koti akaifunika baiskeli, akaloa yeye. Watu walipohama hawakumuaga. Alibaki na baiskeli yake hadi akafa, ikaozea kibandani, na leo kilichobaki ni kengele tu, ambayo nimeitundika mlangoni pangu. Samahani. Ambayo imetundikwa mlangoni pa mtu fulani.

Sasa hebu pima mwenyewe. Waziri wenu alikuwa msomi. Alisoma kila neno, akajua Wajapani wanachukua nini, na akatia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe. Wetu, namaanisha wa hapa, hakujua hata upande gani wa karatasi ndio juu. Wenu alipata cheo na mali. Wa hapa alipata baiskeli asiyoweza kuipanda. Kuwaweka watu hawa wawili kikapu kimoja ni kuwaonea wote wawili: wenu ataona aibu kwa udogo wa malipo ya mwenzake, na wa hapa atadhani alikuwa waziri.

Hata hivyo sitasema uongo kwa Balozi. Walioambiwa wahame hawakuuliza kama Chifu anajua kusoma. Ng'ombe wao walikufa njiani vilevile, na wazee wengine pia. Hilo nalijua tangu utotoni na sijawahi kupata jibu lake. Nilikuwa nikipigana shuleni kwa ajili yake bila kujua nampigania nini.

Kwa sababu hizo zote naiomba serikali yako ifanye yafuatayo, kwa utaratibu wowote utakaowafaa.

Kwanza, mtutumie afisa anayejua Kikorea cha zamani aje azungumze na marehemu kwa upole, amweleze kuwa amekosea nchi, na amchukue. Ugoro upo. Chakula cha afisa na malazi ni juu yangu, na kama ataleta mke, Sally ameandaa kitanda.

Pili, kwa kuwa mtoto hawezi kubaki mtupu, naomba mtubadilishie. Mathew amesoma katika kitabu fulani kwamba mlikuwa na mfalme aliyewatungia watu wake herufi nyepesi ili hata mkulima aweze kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni pake. Huyo tungempenda sana. Kama bado yuko kwenye zamu na hajapewa familia nyingine, mwambieni Sosiot kuna nafasi, hewa ni safi na maziwa hayakosi.

Tatu, kama mabadilishano hayawezekani, basi nipewe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba Waziri Yi alikuwa msaliti mkubwa kupita Chifu yeyote aliyewahi kutawala sehemu za Belgut, Sigowet na vitongoji vyake. Nitakibandika kwenye kituo cha kununulia chai. Sihitaji fremu.

Na kama yote hayo yameshindikana, nitumieni gari lolote dogo lililotengenezwa Korea, ili tumjaribu mtoto. Akilipenda, tutajua ameanza kutubu.

Nimalize hapa nisikuchoshe. Pamoja na barua hii kuna kifurushi cha majani chai, ambacho si hongo, ni desturi. Yachemshe na maziwa, usiyaloweke tu kwenye maji kama wanavyofanya watu wa mashamba makubwa. Msalimie mama, wasalimie watoto, msalimie yule mkimbiaji wa marathoni na umwambie tumeshamsamehe. Seoul naye anasalimu. Asubuhi ya leo ametoa maziwa ndoo nzima. Majibu yako yatanikuta hapa hapa, maana sina mpango wa kuhama.

Ni mimi, rafiki yenu aliyekanyagwa lakini bado anasimama,

Isaiah Kipkemboi

Nyongeza:

Mheshimiwa, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, lakini barua inayokwenda kwa serikali ya watu haifai kuondoka bila wenye nyumba kuisikia. Kwa hiyo nimeitoa nikawasomea jamaa zangu hapa sebuleni. Walisikiliza vizuri hadi nilipofika mahali senge Jerusa aliponong'ona sala. Hapo senge akanikatiza kwa lugha yetu, nami nakutafsiria kama alivyosema:

"Ile haikuwa sala, Isaiah. Mlikuwa mnamcheka msaliti wa watu wa mbali, na wangu tunamruka. Nikasema moyoni, kama ni wasaliti hata sisi tunaye. Nikalitaja jina la baba yangu. Nikasema, Kiptalam. Mimi nimezeeka. Nikienda, ni nani atamwita?"

Mtoto alikuwa mapajani mwa Winny, na ugoro haukuwemo chumbani. Akapiga chafya.

Nikasema labda ni vumbi. Sally akanitazama vile anavyonitazama nikisema ng'ombe amekunywa maji kumbe nimesahau. Basi nikalitaja mimi mwenyewe, kwa sauti, na nina umri wa miaka hamsini na mitatu na sikuwahi kulitamka hata siku moja. Nikasema, Kiptalam. Akapiga nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, halafu akamnyooshea senge mikono yote miwili, yeye ambaye huwa hataki jamaa. Senge akamchukua. Amelia, amecheka, amemwita baba, amemgombeza kuhusu mlima na ng'ombe wa watu, kisha amemwimbia. Mpaka sasa hajamwachia mtu yeyote.

Kwa hiyo naomba usimtume afisa. Waziri wenu hayuko kwangu na inaonekana hakuwahi kuwepo. Tumemsingizia safari ndefu bure. Mtafuteni kwingine, na mkimpata msimfukue tena. Cheti pia sikihitaji, kwa kuwa sijui sasa ningekibandika kwa ajili ya nani. Mambo ya Toyota bado sina maelezo, na lile ombi la gari dogo lisimame kama lilivyo.

Huyu ni wetu. Jumatatu nitakwenda naye kwenye kituo cha chai, niseme jina lake mbele ya foleni yote, na mwenye lake la kumwambia kuhusu ule mlima amwambie akiwa mkononi mwangu. Ana haki ya kusikia, na wao wana haki ya kusema. Nina hakika atakuwepo mama mmoja atakayempakata kwanza, hata kama ni Syprose.

Tafadhali ulizia tu kama kuna kitabu cha watoto cha zile herufi za mfalme wenu. Zetu tutaanza nazo mara atakapoweza kukaa wima bila kushikwa. Safari hii atasoma kwanza, ndipo aonyeshwe wino.

Isaiah Kipkemboi arap Talam,
mjukuu wa Chifu Kiptalam, na sasa babu yake.